Swali la Ishirini

Watu wengine huvikwa kilemba cha ukoka na wenzao. Mimi nilijivika mwenyewe, nikakifunga vizuri, nikatembea nacho vijiji saba kwa miaka tisa.

Kazi yangu ni unesi. Zahanati yetu ina vyumba vinne na benchi moja refu la kungojea. Mbali ya kuwazalisha wanawake wanaowahi kufika, nilipewa kazi ya kuwazungukia wale wa mbali na kuwafundisha namna ya kumtunza mtoto mchanga siku zake za kwanza. Kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote na kwa mdomo wote. Kila mwisho wa somo niliuliza maswali na kutoa maksi, kwa watu wazima, wengine wana wajukuu: wewe saba, wewe tano, wewe mama sijui ulikuwa unawaza nini. Wakanipa jina la Mama Maksi. Nililipokea kama nishani.

Nilikuwa na msaidizi, mdoli wa plastiki mwenye ukubwa wa mtoto wa kilo tatu. Tulimwita Mheshimiwa, kwa kuwa alisafirishwa bure, hakuna aliyejua kazi yake hasa, na kila alikofika watu walisogea kumtazama. Nilimfunga kwenye keria ya pikipiki ndani ya mfuko ambao zipu yake ilikufa mwaka wa pili. Niliandika barua kuomba mfuko mwingine, nikajibiwa kwamba ombi langu linashughulikiwa, na sina sababu ya kuamini kwamba wameacha kulishughulikia. Vumbi la barabara zile ni jekundu, kwa hiyo Mheshimiwa alikuwa anafika ana rangi ya tofali.

Nami nimelelewa na mama asiyevumilia uchafu. Siwezi kumweka mtoto wa rangi ya tofali mezani mbele za watu, hata kama ni wa plastiki. Kwa hiyo nikifika, kabla ya lolote, naomba beseni la maji, nachovya kitambaa, nakikamua, nakikunja mara nne, namfuta uso, kifua, mikono, kisha namgeuza kwa kiganja chini ya shingo na kumfuta mgongo. Huku mikono ikifanya hayo, mdomo unasalimia: hamjambo, habari za tangu siku zile, mvua imewafikia, yule aliyekuwa anaumwa mguu yuko wapi. Mheshimiwa aking'aa, napiga makofi mawili na kusema, "Haya akina mama, tuanze somo."

Na somo langu lilikuwa sahihi, hilo sitakubali mtu alichezee. Mtoto akizaliwa, mkaushe palepale kwa kitambaa kikavu. Mlaze kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mfunike, mvishe kofia. Anyonye kabla saa moja haijaisha, tena yale maziwa ya kwanza ya njano, msiyamwage. Kitovu msikipake kitu. Kuoga angoje mpaka kesho yake, maana mtoto mchanga akipoteza joto lake hana pa kulipata jingine ila kwa mama. Hilo la kuoga nililisema mara tatu, nikiwa nimeinua kidole.

Mama yangu mzazi anaishi kijiji cha mwisho, kile cha saba, pamoja na mdogo wangu wa kiume, ambaye ni fundi uashi, na mke wake. Somo likifanyika kule, Mama alikuwa anafika wa kwanza na kukaa mbele kabisa, mikono magotini, akinitazama bila kupepesa. Hajui kusoma wala kuandika. Nikimwuliza swali mbele za wenzake anacheka na kusema, "Mimi nimekuja kumtazama mwanangu tu." Nikaamini kwamba hajifunzi chochote.

Mwaka huu wakubwa wa afya wakataka kujua akina mama wa vijijini wanajua nini kuhusu mtoto mchanga. Likaja dodoso la maswali ishirini, na pamoja nalo afisa mmoja mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kumkata mtu. Akatukalisha kutwa nzima kutufundisha kuuliza. "Kazi yenu ni kuuliza na kuandika," alisema. "Mtu akikosea, usimsahihishe. Usikunje uso. Usigune. Ukimsahihisha mmoja atawaambia wenzake, na takwimu zitaharibika."

Mimi ambaye nimewahi kumsahihisha mtu rambirambi msibani, amri hiyo ndiyo niliyoamua kuitii.

Nilianza na fundi cherehani wa kijiji cha saba, jirani wa mama yangu. Ni mwanamke wa maneno machache, na yote yana ncha. Vipande vya nguo vinavyobaki hushonea kofia za watoto wachanga, anazigawa bure, na hapendi kushukuriwa. Nikakaa kwenye stuli kando ya cherehani yake, nikasoma swali la pili. "Mtoto akishazaliwa, kitu cha kwanza kumfanyia ni kipi?"

"Kumfuta kwa kitambaa kibichi," alisema, mguu ungali unakanyaga.

Nikajikaza nisikunje uso. "Kibichi?"

"Kibichi, kilichokamuliwa. Unakikunja mara nne." Akaacha kushona, akakunja hewa mara nne. "Uso, kifua, mikono. Unamgeuza hivi, kiganja chini ya shingo, unafuta mgongo. Ndipo unachukua kikavu unamkausha."

"Na kumwogesha?"

"Mpaka kesho yake. Kwani mimi sijui?"

Nikamtazama anavyokigeuza kile kitoto cha hewa, nikajiuliza moyoni hii ya kukunja mara nne ni mila ya wapi, wazee wetu kweli walikuwa na mambo. Nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nimelikalia pale kwenye stuli, naandika kwa kalamu nyekundu.

Nilihoji wanawake sitini na watatu. Hamsini na wawili walinijibu kitambaa kibichi, na karibu wote walikunja hewa mara nne. Mmoja wa kijiji cha tatu aliongeza kwamba wakati wa kumfuta mtoto ni vizuri uwe unasalimia watu. Nikaandika pia, kwa ukamilifu wa takwimu.

Mama nilimhoji mwisho, sebuleni kwake. Wifi yangu alikuwa akipita mlangoni na tumbo lake, akienda na kurudi, mgongo unamuuma hakai. Swali la pili Mama akalijibu kama wenzake, na mimi nikaumia. Nikarudia kulisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujiokoa. Akarudia jibu lake, akanitazama kama mtu anayefanyiwa mzaha.

"Nimekosa?" aliuliza.

"Siruhusiwi kusema, Mama."

"Basi nimepata," alisema, akatabasamu. Nikamwekea nyekundu nikafunga faili.

Sasa, swali la ishirini liliuliza: haya unayoyajua ulijifunza kwa nani? Chini yake kulikuwa na visanduku vinne: nesi au kituo cha afya, redio, mila na wazee, kwingineko. Wakati tunafika hapo akina mama walikuwa wamechoka, mimi nimechoka kuwashinda, na jibu si lilikuwa wazi? Aliyekosa swali la pili amekoseshwa na wazee wake. Kwa hiyo sikuwauliza. Jioni nilikaa mezani kwangu na kikombe cha chai, nikapiga tiki kwenye mila na wazee mara hamsini na mbili, natikisa kichwa kila tiki. Sikio la kufa halisikii dawa, nilijisemea. Miaka tisa yote hii, na bado wanawasikiliza wazee.

Siku tisa baadaye, asubuhi ya baridi na manyunyu, simu iliita nikiwa nafungua dirisha la chumba cha dawa. Alikuwa fundi cherehani. "Wifi yako ameshikwa. Mtoto yuko njiani, hatuwezi kumtoa hapa, barabara ni tope tupu. Njoo wewe."

Wifi yangu alikuwa amebakiza wiki tatu. Tulikwisha kupanga aje akae kwangu kuanzia wiki iliyofuata, angojee siku zake karibu na zahanati. Mtoto hakushirikishwa katika mpango huo. Mdogo wangu naye alikuwa mbali, anajenga ukuta wa mtu.

Nikapanda pikipiki. Njia ya dakika ishirini na tano niliimaliza kwa dakika hamsini, nikaanguka mara mbili, mara ya pili mbele ya watu walionijua, na wakaniita kwa jina langu la maksi wakati wananiinua. Nilipofika nyumbani kwa Mama kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wifi amelala chali kitandani, amechoka lakini mzima. Kondo la nyuma limetoka lote, damu ni ya kawaida. Kitovu kimefungwa kwa uzi safi na kukatwa kwa wembe mpya, vyote kutoka kwenye pakiti niliyowaachia mwenyewe, na hakikupakwa kitu. Mtoto amevishwa kofia na kulazwa kifuani kwa mama yake. Dirisha lilikuwa wazi, lakini hilo nikalisamehe kwa muda. Nilishaanza kutoa maksi kichwani, na zilikuwa nyingi.

"Wa kike," Mama alisema. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Tena mpole huyo," alisema fundi cherehani. "Alilia mara moja tu, tangu hapo kimya."

Hapo maksi zikanikauka. Mtoto wa saa moja ambaye ni mpole sana simpendi. Nikasogea, nikafunua khanga. Alikuwa mdogo, kilo mbili na kitu, na alilazwa juu ya gauni la wifi, si juu ya ngozi. Nikashika nyayo zake, ni za baridi. Nikashika tumbo lake, nalo la baridi, na hilo ndilo baya zaidi. Kofia ilikuwa na unyevu. Nikamwekea ziwa mdomoni, mdomo haukufanya kitu. Nikaweka kipimajoto kwapani, nikangoja. Thelathini na tano kamili.

Nikafunga dirisha. Nikamfungua wifi gauni, nikamlaza mtoto katikati ya maziwa, ngozi kwa ngozi, nikambadilishia kofia, nikawafunika wote wawili kwa khanga mbili na blanketi. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri. Mdomo ndio ulioniponza.

"Mmemfanya nini huyu mtoto?"

"Tumemfuta," Mama alisema.

"Kumfuta na nini?"

"Na kitambaa kibichi. Nilimfuta vizuri, sikuharakisha, maana alikuwa mdogo."

"Hukuharakisha," nilisema. "Mtoto wa kilo mbili, dirisha wazi, na maji ya baridi, na wewe hukuharakisha. Nani aliwafundisha upuuzi huu?"

 Wifi aliangalia dari. Fundi cherehani alifungua mdomo, na Mama akamwekea mkono juu ya goti.

"Ni mambo yetu ya kizamani, mwanangu," Mama alisema. "Tusamehe. Sisi wazee ni wazito wa kuelewa."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilihutubia. Nilisema kuhusu mila potofu, nikasema kuhusu miaka tisa ya jasho langu, nikasema kwamba serikali inaleta elimu mpaka mlangoni na watu wanaiacha nje kama mbwa wa jirani. Nikamwambia mwanamke aliyenizaa kwamba ni kwa sababu ya watu kama yeye ndiyo maana tunazika watoto. Maneno hayo niliyasema, sikusingiziwa. Mama aliitikia kila sentensi, "Ndiyo, mwanangu," kwa sauti ya chini, akiangalia miguu yake.

Fundi cherehani akasimama. Akalivuta beseni lililokuwa pembeni ya kitanda, akachukua mto wa Mama akauweka mezani.

"Fundi, acha," Mama alisema.

Hakuacha. Alichovya kitambaa, akakikamua, akakikunja mara nne. Akaanza kuufuta mto, na huku anafuta akainua kichwa na kuwasalimia watu ambao hawakuwepo. "Hamjambo? Habari za tangu siku zile? Mvua imewafikia? Yule aliyekuwa anaumwa mguu yuko wapi?" Alikuwa ameipata sauti yangu, mpaka ule mkogo wa mwisho wa sentensi ambao sikujua kama ninao. Akaugeuza mto kwa kiganja chini ya mahali ambapo shingo ingekuwepo, akafuta mgongo. Akakiweka kitambaa chini. Akapiga makofi mawili.

"Haya akina mama," alisema, "tuanze somo."

Nilisimama pale na kipimajoto mkononi. Ningependa kusema kwamba nilipiga magoti. Kitu nilichosema ni hiki: "Lile lilikuwa vumbi."

"Vumbi gani?" aliuliza.

"La barabarani. Mdoli alikuwa anaingia vumbi. Nilikuwa namsafisha tu, somo lilikuwa bado."

"Sisi tungejuaje? Wewe unamtoa mtoto kwenye mfuko, unamfuta, unamkausha, unamlaza juu ya gauni la mtu. Kila mara, miaka tisa. Kukausha umewahi kusahau siku moja. Kufuta hujawahi."

"Nilisema asiogeshwe."

"Na hatujamwogesha. Kumfuta tumemfuta, kama wewe."

 Hata lile gauni lilikuwa langu. Hakuna mwanamke aliyewahi kuvua nguo mbele ya darasa, kwa hiyo Mheshimiwa siku zote alilazwa juu ya gauni la aliyejitolea, na mimi nikisema "ngozi kwa ngozi" huku nambonyeza kwenye kitambaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimetafuta adui kwa wazee.

Halafu nikaogopa. Nilimwangalia yule mtoto chini ya blanketi, pua yake ndogo ikiwa imegeukia ubavuni, na nikaelewa kwamba akifa, nitakuwa nimemwua mimi, kwa mikono ya mama yangu. Na kama huyu anaweza kufa, je, wale wa kule nilikopita? Miaka tisa nilikuwa nikisikia mara mojamoja kwamba fulani amepoteza kichanga, nami nikisema pole, na kuongeza kwamba ni muhimu kuhudhuria somo.

Nilimpa nusu saa. Asipopanda joto ningemfunga wifi na mtoto pamoja kifuani na kuwatoa kwa machela mpaka barabara kubwa, tope au hakuna tope. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, mkono chini ya blanketi, kwenye mgongo wa mtoto. Nikamkamulia wifi maziwa kidogo kwenye kijiko, nikawa namdondoshea mtoto tone kwa tone. Mengi yalimwagikia pembeni ya mdomo. Robo saa ya kwanza kipimajoto kilisema thelathini na tano na pointi mbili. Fundi cherehani alikwenda jikoni akachemsha chai ya mzazi, akarudi nayo.

Mama ndiye aliyenyoosha ule mto uliolowa, akautundika kwenye kiti.

"Huu ndio niliokuwa najizoezea," alisema, kama anayezungumza na mto. "Kila ukiondoka baada ya somo. Nafunga mlango, najizoeza, maana siwezi kuandika nikakumbuka. Nilisema siku nikipata mjukuu mikononi, mwanangu aje akute nimefanya kama yeye."

Nililia. Sioni sababu ya kulipamba hilo. Nililia kwa sauti, na kamasi, mkono mmoja ungali chini ya blanketi kwa kuwa sikuthubutu kuuondoa.

"Nyamaza, utamtisha," Mama alisema, akanifuta uso kwa pindo la khanga yake. Lilikuwa kavu.

Robo saa ya pili ilikuwa thelathini na tano na pointi saba. Nikasema tungoje. Mvua ilizidi kidogo juu ya bati, ikapungua. Kisha wifi akasema, "Wifi, anatafuta."

Nikafunua pembe ya blanketi. Kichwa kidogo kilikuwa kinapapasa kifuani kwake, kushoto, kulia, mdomo wazi, kwa hasira ya mtu aliyechelewa kuhudumiwa. Nikamsaidia wifi kumsogeza. Akalipata ziwa, akalikosa, akalipata. Akanyonya. Halafu akaachia na kupiga kelele iliyomfanya fundi cherehani aseme kwamba upole umekwisha, na asante Mungu. Kipimajoto kilifika thelathini na sita na nusu kabla ya adhuhuri.

Yaliyofuata yalinigharimu wiki tatu na heshima yangu yote. Nilirudi katika kila kijiji. Mheshimiwa sasa anasafiri ndani ya ndoo yenye mfuniko, lakini safari hiyo nilimwacha juu ya keria bila mfuko, makusudi, nikamweka mezani na vumbi lake, na kusema, "Akina mama, nimewafundisha vibaya, na sasa nitawaambia vipi." Nilitegemea kimya cha majonzi. Walicheka. Walicheka kijiji cha kwanza, cha pili, na cha tatu, ambako yule wa salamu aliniuliza kama salamu ziendelee. Kijiji cha nne hawakucheka wote. Kulikuwa na mwanamke mmoja nyuma aliyeinuka polepole, akajifunga khanga yake, akatoka. Nilimfuata mpaka kwake. Nilikaa naye mpaka jua likapinda, na tuliyozungumza si ya kusimulia.

Nilikuwa na madodoso mkononi vilevile, kwa kuwa nilikuwa nimemwomba afisa wa shati la makali anirudishie, nikamweleza kisa. Alisema takwimu zitaharibika. Nikamwambia zimeshaharibika, mimi ndiye niliyeziharibu, naomba nizitengeneze. Nikawauliza wote hamsini na wawili, kasoro Mama, swali la ishirini, mmoja mmoja, ana kwa ana. Uliyajua haya kwa nani? "Kwako," walisema. Wengine walisema "kwako" kwa upole, kama mtu anayekuonyesha kwamba umefunga kifungo tundu la pembeni. Nikaangalia na wale kumi na mmoja waliokuwa wamepata swali la pili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuhudhuria somo langu.

Mama nilimwacha mwisho, kama mwanzo. Nilimkuta kwenye mkeka barazani, mtoto amefungwa kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, ili wifi apate kulala kidogo. Alikuwa amenenepa mashavu, huyo mtoto. Nikakaa kando yao, nikafungua faili.

"Swali moja tu, Mama. Lile la kumfuta mtoto kwa kitambaa kibichi, ulijifunza kwa nani?"

"Andika wazee," alisema.

"Mama."

"Andika wazee. Hiyo karatasi inakwenda kwa wakubwa wako?"

"Inakwenda."

"Basi andika wazee. Mimi si mzee? Watanifanya nini mimi? Wewe wanaweza kukufukuza."

"Hawatanifukuza. Na si kweli."

"Kalamu ni yako," Mama alisema. "Lakini mtoto ni wangu."

Kwa dakika nzima nilidhani anamsema yule wa kifuani.

Nikainamia karatasi. Nikafuta ile tiki ya zamani, nikapiga nyingine kwenye kisanduku cha kwanza, na katika nafasi iliyobaki nikaandika: mimi mwenyewe, nesi, binti yake. Nikafunga kalamu.

"Umeandika nini?" aliuliza.

"Wazee," nilisema.

 Mama alikuwa anautazama mkono wangu, vile alivyokuwa ameutazama miaka tisa kutoka mstari wa mbele.

"Sivyo mkono ulivyokwenda," alisema. Akamsogeza mjukuu wake vizuri kwenye khanga, akamfunika mguu uliokuwa umetoka nje, na mimi nikamwambia ukweli.